Usijumlishe Tatu

Msikilizaji, idhaa za Kiswahili zinazotangaza kutoka nje zina desturi moja ambayo masikio yetu yameizoea mno hata hatuisikii tena. Mtangazaji hasemi tu kwamba ni saa tatu kamili usiku. Husema ni saa tatu kamili usiku kwa saa za Afrika Mashariki, saa mbili kamili Afrika ya Kati. Anajua yuko anayemsikiliza Tanga na yuko anayemsikiliza Bukavu, na mishale ya saa zao haikai mahali pamoja. Akiyaacha maneno yale machache, mmoja wao atafungua redio akute taarifa ya habari imekwisha.

Nimekuja leo kuwasema waandishi wa programu, hawa vijana wanaotutengenezea mifumo ya malipo, ya tiketi, ya miadi ya hospitali na ya mahudhurio kazini. Wengi wao kazi wanaijua. Lakini yale maneno machache ya mtangazaji hawayaandiki, na hata wakiletewa saa iliyoandikwa kikamilifu, wao huyakata wakayatupa. Halafu saa tatu zinapotea, au zinaongezeka, na anayekesha kuzitafuta ni mhasibu.

Tuchukue kituo cha mafuta kando ya barabara kuu, tuseme pale Chalinze, ambako malori hayalali. Ni usiku wa kuamkia Jumapili, Juni 1, 2025. Dereva anajaza dizeli na kulipa kwa simu saa saba na nusu usiku. Kwenye kompyuta, malipo hayo yanaweza kuandikwa hivi:

2025-06-01T01:30:00+03:00

Nakusomea taratibu, maana redioni huoni. Kuna mwaka, mwezi, siku. Kisha herufi T, ambayo kazi yake ni kutenganisha tarehe na saa. Kisha saa, dakika na sekunde. Mwisho kabisa kuna alama ya kujumlisha, sifuri tatu, nukta mbili, sifuri sifuri. Kipande hicho cha mwisho nitakiita mkia. Mkia unasema kwamba saa uliyoisoma hapa iko mbele ya saa ya kimataifa, ile iitwayo UTC, kwa saa tatu. Uandishi huu una kiwango chake, ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988. Mwaka 2002 watu wa intaneti wakaubana zaidi katika waraka wao uitwao RFC 3339, ambao hauitambui tarehe-na-saa isiyo na mkia.

Malipo yale yale yanaweza pia kuandikwa hivi:

2025-05-31T22:30:00Z

Hiyo Z nayo ni mkia, mkia wa sifuri, kwamba hii ni saa ya kimataifa yenyewe bila kuongeza wala kupunguza. Dereva ni yule yule, dizeli ile ile, sekunde ile ile. Lakini tarehe moja iko Juni na nyingine iko Mei, na zote mbili zinasema kweli.

Niondoe utata mmoja kabla sijaendelea. Skrini inasema 01:30, sisi tunasema saa saba na nusu. Tofauti hiyo ya saa sita ni ya namna ya kuhesabu tu. Mtu wa Dodoma huibadilisha kichwani bila kufikiri, na kompyuta haina haja ya kuijua. Inayotuhusu leo ni ile tatu.

Kila siku, kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa usiku, sisi tumeshaingia tarehe mpya na UTC bado iko jana. Mfumo wowote unaofunga hesabu za siku kwa UTC utayalaza mauzo ya muda huo kwenye siku iliyopita. Duka la vitambaa halitaona kitu kwa sababu limefungwa. Kituo cha mafuta kitaona. Baa itaona. Wodi ya wazazi itaona, kwa sababu mtoto anayezaliwa saa nane usiku ataandikiwa siku ya kuzaliwa ambayo mama yake anajua fika kwamba siku hiyo bado alikuwa hajajifungua.

Sasa tazama kosa linavyoingia. Mfumo wa malipo umetuma ile ya pili, yenye Z. Kijana wetu anaandika kwa Java na anatumia chombo cha zamani kiitwacho SimpleDateFormat, ambacho unakipa kielelezo cha jinsi tarehe ilivyopangwa. Anapanga vizuri mpaka anafika kwenye Z. Chombo kinamgomea, kwa sababu ndani ya kielelezo hicho herufi Z inatarajia mkia wa tarakimu, mfano +0300. Anatafuta dawa mtandaoni na anaipata mara moja: izungushie Z alama za kunukuu. Anaizungushia, programu inakubali, kijana anakwenda kula.

Alichoiambia kompyuta ni kwamba hapo mwishoni patakuwa na herufi Z, ni pambo, ipite. Kompyuta imeipita. Na kwa kuwa sasa haina mkia wa kuufuata, imechukua saa za mahali ilipo yenyewe. Kama seva imewekwa kwenye saa za Afrika Mashariki, ile 22:30 ya kimataifa inasomwa kama saa nne na nusu usiku ya Chalinze, Jumamosi, Mei 31. Malipo ya Juni yamelala Mei. Hakuna onyo lililotokea, hakuna maandishi mekundu. Tangu toleo la 7, Java ina herufi X inayoisoma Z kama inavyostahili, na tangu toleo la 8 la mwaka 2014 ina maktaba mpya kabisa ya tarehe. Mstari ule wa Z ndani ya nukuu bado naukuta, tena kwenye mifumo iliyoandikwa majuzi.

Kwa upande wa Python, chombo kiitwacho fromisoformat kilikuja na toleo la 3.7, lakini hakikuikubali Z mpaka toleo la 3.11 mwaka 2022. Katika miaka hiyo ya katikati watu walizoea kuishughulikia Z kwa mkono. Wenye subira waliibadilisha kuwa +00:00, jambo lililo sawa kabisa. Wengine waliifuta tu, ikabaki tarehe na saa bila chochote nyuma yake.

Lakini Python ina tabia moja ninayoipenda. Ukiipa mihuri miwili ya muda, mmoja una mkia na mwingine hauna, ukaiuliza upi umetangulia, inakataa kujibu. Inaiangusha programu palepale. Huo ni msaada mkubwa ambao watu huuchukia. Ukitafuta jinsi wengi wanavyolimaliza tatizo hilo, utaona wanaukata mkia wa ule wenye mkia ili miwili ifanane. Walikuwa na mhuri mmoja wanaojua maana yake na mmoja wasioujua; sasa wana miwili wasiyoijua, na programu inakwenda.

Halafu inakuja dawa ya kienyeji. Ripoti ya kwanza imetoka, meneja anapiga simu kulalamika kwamba mauzo yako nyuma kwa saa tatu. Kijana anafungua msimbo, anajumlisha tatu, ripoti inakaa sawa, meneja anashukuru.

Utaniuliza kosa liko wapi. Tanzania, Kenya na Uganda zote ziko mbele ya UTC kwa saa tatu, wala hatuna habari za kusogeza saa majira ya joto. Tatu ni tatu Januari mpaka Desemba. Ni kweli, na utulivu huo ndio uliotuharibu. Mwandishi wa London hawezi kuishi na namba iliyoandikwa kwa mkono hata mwaka mmoja, kwa sababu saa zake zinasogezwa Machi na kurudishwa Oktoba. Shabiki yeyote wa Ligi Kuu ya England anayajua haya. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa tisa alasiri kule, mwanzo wa msimu tunaiona saa kumi na moja jioni, na baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba inahamia saa kumi na mbili. Mwenye kibanda umiza anabadilisha ubao wake wa nje bila kufundishwa na mtu. Kijana wetu hajawahi kulazimika kubadilisha ubao, ndiyo maana ile tatu yake anaiona kama sheria ya maumbile.

Siku moja seva inahamishwa, au fundi mwingine anaiweka kwenye saa za Afrika Mashariki kwa nia njema, na ripoti inaruka mbele kwa saa tatu. Siku nyingine mfumo wa malipo unaboreshwa, unaanza kutuma mkia kamili, maktaba inausoma vizuri, na ile tatu ya mkono inaongezwa juu yake. Nimeona mfumo ambao tatu ilikuwa imejumlishwa kwenye hifadhidata, ikajumlishwa tena kwenye ripoti, na kwenye simu ya mteja mtu akawa anatoa sita ili mambo yalingane. Kila aliyegusa alikuwa akirekebisha kazi ya mwenzake, na hakuna aliyejua tena saa ya kweli ilikuwa ipi.

Kisha kampuni inafungua tawi. Ukivuka daraja la Rusumo kutoka Ngara umeingia Rwanda, na mkia ni +02:00. Burundi ni hivyo hivyo. Kongo ina mbili: Kinshasa +01:00, Goma, Bukavu na Lubumbashi +02:00. Omani, ambako ndugu wengi wa Unguja na Pemba wana jamaa zao, ni +04:00. Tatu ya mkono haivuki mpaka hata mmoja kati ya hiyo.

Tuwatendee haki vijana, lakini. Mara nyingi mkia haukuletwa kabisa. Mifumo mingi ya malipo hapa kwetu hutumia tarakimu 14 zilizoshikana, 20250601013000, basi. Picha za kamera nazo zilikuwa hivyo: kiwango kiitwacho Exif hakikuwa na mahali pa kuandika mkia mpaka toleo la 2.31 la mwaka 2016. Hapo hakuna cha kusoma, lazima mtu aamue. Sawa, na aamue. Lakini aamue mlangoni, pale data inapoingia, mara moja, kwenye mstari mmoja unaoeleza ni waraka gani au mkataba gani unaosema hizi ni saa za Afrika Mashariki. Na ukanda wa saa autaje kwa jina, Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi. Kuanzia mlango huo kwenda ndani, mhuri usio na mkia usionekane tena.

Ipo hitilafu nyingine ambayo naiona ni yetu sisi hasa, watu wa mashariki ya Greenwich. Programu moja inapoiuliza nyingine kwa kupitia anwani ya tovuti, mara nyingi huweka saa ndani ya anwani hiyo. Sasa katika sehemu ya maswali ya anwani, alama ya kujumlisha ina kazi ya zamani: husomwa kama nafasi tupu. Unatuma +03:00, upande wa pili unapokea nafasi tupu halafu 03:00. Programu kali itakataa, na hapo una bahati. Programu pole itaona takataka mwishoni, itaziondoa, na kusoma saa iliyobaki kama ya kwake.

Mwandishi wa New York haioni hitilafu hii, kwa sababu mkia wake una alama ya kutoa, nayo hupita salama. Wa London wakati wa baridi yuko kwenye sifuri. Kwa hiyo chombo kinaweza kuandikwa huko, kikajaribiwa huko, kikasifiwa huko, na kikaja kuangukia Mombasa, Muscat na Mumbai. Dawa yake ni kuiandika alama ile kwa namna ya anwani, %2B, au kugeuza saa iwe ya UTC yenye Z kabla ya kuituma. Nashauri hii ya pili, kwa sababu Z haina cha kuharibika njiani.

JavaScript nayo ina mtego unaonasa kwa namna tofauti kulingana na upande wa dunia uliopo. Ukiipa tarehe tupu, 2025-06-01, bila saa, inaichukua kuwa saa sita usiku ya UTC. Ukiipa tarehe yenye saa lakini isiyo na mkia, inaichukua kuwa ya mahali ulipo. Kwa nini iwe hivyo ni hadithi ndefu ya mabishano ya viwango. Kwa mtu wa Dar es Salaam, ile tarehe tupu inakuwa saa tisa usiku ya Juni 1, na kwa kuwa skrini inaonyesha tarehe pekee, haoni kasoro. Mtanzania aliyeko Washington akifungua fomu hiyo hiyo anaona Mei 31, na siku ya kuzaliwa ya mwanawe imerudi nyuma. Sisi tunanaswa wakati wa kutuma: mtu anachagua Juni 1 kwenye kalenda ya simu, programu inaichukua kama saa sita usiku ya hapa, inaigeuza iwe UTC, na kinachoondoka ni Mei 31, 21:00. Tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuisha kwa leseni, tarehe ya sikukuu, hizi hazina saa wala ukanda, na zisipewe. Ziandikwe kama tarehe na zihifadhiwe kama tarehe.

Kuna pia alama zilizogeuzwa. Katika orodha moja inayotumika sana kwenye kompyuta, jina Etc/GMT-3 maana yake ni saa tatu mbele, ingawa lina alama ya kutoa. Na JavaScript ukiiuliza tofauti ya Nairobi na UTC inakujibu kutoa 180, kwa dakika. Waliopanga hivyo walikuwa wakihesabu kutoka kwako kwenda Greenwich badala ya kutoka Greenwich kuja kwako. Ukishajua, huna haja ya kuwakasirikia.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni dakika 33. Ukiona mfumo wa Python unaosema kwamba lililotokea saa saba na nusu usiku limetokea saa nane na dakika tatu, huna haja ya kwenda mbali, jibu lake ni jua la Nairobi. Nieleze. Kabla saa za nchi hazijapangwa kwa sheria, kila mji ulifuata jua lake. Nairobi iko karibu na digrii 37 mashariki, dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, na ukigawanya kwa makini unapata saa 2, dakika 27 na sekunde 16. Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti ya Nairobi na Greenwich kwa jua. Baadaye, enzi za ukoloni, saa za hapa ziliwahi kuwa mbele kwa saa mbili na nusu, na wakati mwingine kwa saa mbili na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye tatu. Historia hiyo yote imeandikwa, mstari kwa mstari, katika orodha ya kanda za saa ambayo kompyuta na simu nyingi duniani zinaitumia.

Sasa maktaba iitwayo pytz, iliyotumika kwa miaka mingi, ukiibandika moja kwa moja kwenye tarehe badala ya kupitia kitendo chake maalumu kiitwacho localize, huchukua mstari wa kwanza wa historia. Yaani hukupa +02:27, na dakika 33 zinabaki hewani. Na kwa kuwa siku hizi Africa/Dar_es_Salaam katika orodha hiyo ni jina tu linaloelekeza kwenye Africa/Nairobi, programu ya Kariakoo inapewa jua la Nairobi, wakati jua la Dar lenyewe limetangulia kwa dakika kama kumi. Tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020 Python ina zoneinfo, isiyo na mtego huo.

Orodha yenyewe ilianzishwa na Mmarekani, Arthur David Olson, na baadaye ikatunzwa na Paul Eggert wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Ilikuwa kazi ya kujitolea. Mwaka 2011 kampuni moja ya Marekani inayouza programu za unajimu iliwashtaki wote wawili kwa kudai wamechukua historia ya saa kutoka kwenye kitabu chake. Wapiga falaki wanahitaji saa kamili ya kuzaliwa kwa mteja, ndiyo maana walikuwa na kumbukumbu hizo. Kesi ilifutwa mapema 2012, lakini kabla ya hapo orodha ilikuwa imehamishiwa IANA, chombo kinachoratibu namba na majina ya intaneti, na ndiko iliko mpaka leo. Simu yako inapojua saa ya Lubumbashi, inajua kwa sababu ya hao.

Kwa nini orodha ihitaji kutunzwa kila mwaka? Kwa sababu saa ni amri ya serikali, na serikali hubadilisha amri. Mfano wa karibu ni Sudan Kusini, mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mpaka Januari 2021 Juba ilikuwa +03:00 sawa na Nairobi. Usiku wa kuamkia Februari 1, 2021, nchi ikarudisha saa nyuma kwa saa moja, ikawa +02:00.

Sasa chukua kliniki ya Juba iliyompa mgonjwa miadi Januari hiyo, ya kuja Machi, saa tatu asubuhi. Mwandishi wa programu ni mtu makini, ameandika mkia: Machi, 09:00, +03:00. Februari ikafika, saa zikarudishwa. Mgonjwa na daktari wanajua miadi ni saa tatu asubuhi, saa ya ukutani. Mfumo unajua ni sekunde fulani ya dunia, ambayo sasa imeangukia saa mbili asubuhi. Ukumbusho unakwenda mapema kwa saa moja, mgonjwa anafika na kukuta mlango umefungwa. Hapa mkia ulikuwepo na umedanganya, kwa sababu uliandikiwa siku ambayo ilikuwa haijafika. Miadi ya mbele inatakiwa iandikwe saa ya ukutani pamoja na jina la ukanda, Africa/Juba, na hesabu ya UTC ifanywe karibu na siku yenyewe, kwa orodha iliyosasishwa.

Usije ukadhani basi jina la ukanda linatosha kila mahali. Jumapili ya Novemba 2, 2025, New York walirudisha saa nyuma, na saa saba na nusu usiku ikapita mara mbili usiku ule. Ukiandika 01:30, America/New_York, hujasema ni ipi. Mkia ndio unaosema: -04:00 ni ya kwanza, -05:00 ni ya pili. Lililokwisha kutokea liandikwe na mkia wake. Litakalotokea liandikwe na jina la mahali. Kwa malipo, rekodi za seva na mahudhurio hiyo ni kazi ya mkia. Kwa miadi, ratiba na kengele ni kazi ya jina.

Kwenye hifadhidata, nitaitaja PostgreSQL peke yake kwa kuwa wengi wanaitumia. Ina aina mbili za safu za muda. Ile isiyo na ukanda, ukiiletea saa yenye mkia, inaupuuza mkia kimya kimya na kuhifadhi tarakimu zilizobaki. Ile yenye ukanda inausoma mkia, inageuza saa iwe UTC, halafu mkia wenyewe haiutunzi. Watu hushangaa hili la pili: wanaingiza +04:00 ya Muscat na wanatoa +03:00. Sekunde ni ile ile, hakuna kilichopotea kwenye muda. Lakini kama unahitaji kujua mteja alikuwa Muscat, hiyo ni habari nyingine, iwekee safu yake.

Mwisho, majaribio. Kompyuta ya kijana wetu iko kwenye saa za Afrika Mashariki, na majaribio yake yote yanapita kwa sababu kila kitu kinajumlishwa tatu, hata pale kilipokosewa. Aiendeshe programu hiyo kwanza kompyuta ikiwa America/New_York, kisha ikiwa Asia/Kathmandu. Nepali iko mbele ya UTC kwa saa tano na dakika 45, na dakika hizo 45 huwaumbua wote waliodhani mkia ni namba kamili ya saa. Atumie malipo ya saa saba na nusu usiku ya tarehe mosi, si ya mchana wa katikati ya mwezi. Na akiletewa mhuri usio na mkia kutoka kwa mfumo ambao hawajaandikiana nao chochote, aurudishe na ujumbe unaosema wazi kilichokosekana. Wiki ya kwanza watapiga simu kulalamika. Awapokee kwa upole, awaombe waulize waliouandika walikuwa wakitazama saa ya wapi.